Sanduku la picha chini ya kitanda: kazi ya mstaafu na wazee wake

Miezi ya mwanzo ya kustaafu huliwa na ua. Paa linazibwa, migomba inapaliwa, kuku wanajengewa banda, na mke anachoka kuona mtu mzima akizungukazunguka nyumbani saa nne asubuhi. Baadaye ndipo sanduku la bati linavutwa kutoka chini ya kitanda, likafunguliwa, na ndani kuna picha mia tatu au nne. Nusu yake hakuna anayeweza kumtaja aliyesimama katikati.

Familia zinazozungumza Kiswahili hapa Uganda zina shida hii kuliko nyingine. Wengi ni watoto na wajukuu wa watu wa reli, wa jeshi, wa polisi, au Wanubi wa Bombo na Arua. Kazi iliwahamisha: leo Tororo, mwaka kesho Soroti, halafu Kasese. Picha zilisafiri pamoja na vyombo, lakini majirani waliojua sura zile walibaki nyuma katika kota.

Kosa la kawaida ni kuanza na picha. Anza na watu. Picha itakungoja hadi Desemba, lakini shangazi mwenye miaka 86 huenda asifike. Andika majina matano ya wazee waliobaki, kisha uyapange kwa kigezo kimoja tu: nani anasahau haraka zaidi. Umri si kitu hapo. Mzee wa miaka 90 mwenye akili timamu anaweza kungoja wiki tatu. Wa miaka 74 aliyeanza kuuliza swali moja mara mbili, nenda kwake wiki hii.

Kabla hujaenda, fahamu kwamba ukianza kuuliza babu alizaliwa wapi na alikuwa na wake wangapi, kuna ndugu atakayesikia neno moja: kibanja, yaani kipande cha ardhi ya familia. Atadhani unatafuta njia ya shamba. Kwa hiyo usianze na mjomba anayetunza hati ya ardhi. Anza na shangazi au bibi ambaye hana anachokilinda, na umwambie waziwazi mbele ya watu kwamba unakusanya majina na picha za wajukuu. Usibebe faili la karatasi za ofisini. Mzee akitaka kukuonyesha mpaka unapopita, mwombe asubiri: mambo hayo yana kikao chake, yana mashahidi wa ukoo na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na huandikwa na kutiwa saini. Ukiyarekodi kwenye simu katikati ya hadithi za utotoni, sauti hiyo itakuja kuchezwa kwenye msiba wa mtu, na hapo hakuna atakayekupa tena picha hata moja.

Nenda asubuhi, saa tatu hivi, baada ya chai. Baada ya chakula cha mchana mzee anasinzia, na jioni nyumba imejaa watoto. Usiende na msafara. Mtu mmoja anatosha, wawili ni wengi. Sukari na sabuni zinatangulia kama kawaida. Dakika 40 hadi 45 ni kikao kizima. Anayekuambia alikaa na mzee saa tatu mfululizo, sikiliza saa ya tatu ya rekodi yake: utasikia "ndiyo", "eeh", na kikohozi.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iweke kwenye hali ya ndege, maana simu ikiita, programu nyingi za kurekodi husimama na hutagundua mpaka ufike nyumbani. Iweke sentimita 30 kutoka mdomoni mwa mzee, juu ya leso iliyokunjwa mara nne, si moja kwa moja juu ya meza. Kila kikombe kinachowekwa mezani husikika kama mlango unaobamizwa. Zima redio. Mvua ikianza kunyesha juu ya mabati, acha kazi, kunyweni chai. Rekodi sekunde 10 kwanza, sikiliza, ndipo uanze. Kwa ubora wa kawaida, dakika moja ya sauti iliyobanwa huchukua takriban megabaiti 1, basi kikao kizima ni kama megabaiti 45. Hakuna sababu ya kupunguza ubora ili kuokoa nafasi. Futa video za harusi ulizotumiwa kwenye WhatsApp.

Maneno ya kwanza kwenye rekodi yawe yako: tarehe, mahali, jina la anayezungumza, jina lako, na lugha. Miaka 20 baadaye, faili lisilo na maneno hayo ni sauti ya bibi fulani mahali fulani.

Kuhusu lugha, mwache mzee achague. Kiswahili cha kambini na cha stesheni kilikuwa lugha ya kazi, ya amri na ya utani wa wanaume. Mambo ya jikoni, ya uzazi na ya kufiwa mara nyingi hutoka kwa Kinubi, Kiganda, Kilugbara au lugha yoyote aliyoinyonya kwa mama yake. Kutafsiri ni kazi ya mchana, ukiwa peke yako.

Swali la "tueleze maisha yako" halina jibu. Mzee atakupa hotuba ile ile anayoitoa kwenye misiba. Uliza vitu vinavyoshikika. Jiko lilikuwa upande gani wa nyumba? Nani alilala na nani, na nani alilala karibu na mlango? Maji yalichotwa wapi, na yalibebwa kwa nini, mtungi au debe? Mshahara ukiingia, kitu cha kwanza kununuliwa kilikuwa kipi? Nguo za Idi au Krismasi alizishona fundi gani, na kitambaa kilikatwa duka la nani? Swali la nani alilala wapi ndilo zuri kuliko yote. Litaleta majina ya watoto waliofariki wadogo, binamu waliolelewa pale kwa sababu ya shule, na mpangaji aliyegeuka kuwa ndugu. Mpe mzee kijiti achore ramani ya ua chini kwenye vumbi, ipige picha, halafu uinakili kwenye karatasi ukiwa naye.

Akinyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujasema neno. Akikosea mwaka, usimsahihishe. Wazee wawili wakipingana juu ya jambo moja, andika yote mawili, kila moja na jina la msemaji. Usiamue wewe.

Vita ni jambo jingine. Mwaka 1979 familia nyingi za West Nile na za Wanubi zilikimbilia Sudan na Zaire. Miaka iliyofuata ikawa zamu ya Luwero. Kaskazini iliendelea kuteseka hadi miaka ya 2000. Uliza njia waliyopita, walichobeba, usiku wa kwanza walilala wapi, nani alizaliwa njiani. Usiulize nani alifanya nini. Sauti ikibadilika, simamisha rekodi mwenyewe, bila kungoja kuombwa. Siku ya pili muulize kama sehemu ile ibaki au ifutwe, na akisema ifutwe, ifute mbele yake.

Sasa miaka. Wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa, na ile 1 Januari kwenye kitambulisho cha taifa iliwekwa kwa sababu karani alihitaji kujaza nafasi. Usijaribu kuirekebisha, pensheni na akaunti ya benki zinaitegemea. Ila kwenye daftari lako andika mistari miwili: tarehe ya karatasi, na tarehe ya familia.

Tarehe ya familia hupatikana kwa kuipigilia kwenye jambo ambalo mwaka wake unajulikana. Tengeneza kalenda ya matukio kwenye karatasi moja kubwa, upande wa kushoto mambo ya nchi, upande wa kulia mambo ya nyumbani. Kushoto weka yale ambayo watu wa kawaida waliyaona kwa macho. Reli kufika Kampala, 1931, na kufika Kasese, 1956. Malkia wa Uingereza kufungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, 1954. Kabaka Mutesa kurudi kutoka uhamishoni, Oktoba 1955. Uhuru, 9 Oktoba 1962. Tetemeko la Toro, Machi 1966. Papa Paulo wa Sita kuzuru Uganda, 1969. Amin kushika nchi, 25 Januari 1971. Wahindi kupewa siku 90 za kuondoka, Agosti 1972, na mwezi uliofuata mkimbiaji Akii-Bua kushinda medali ya dhahabu Munich. Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, 1977. Watu wa reli na posta hawaisahau. Wakombozi waliomwondoa Amin kuingia Kampala, Aprili 1979. Jeshi la Museveni kuingia Kampala, Januari 1986. Pesa kukatwa sifuri mbili, 1987. Kwa watu wa Pakwach na Arua, jua kupatwa, 3 Novemba 2013.

Usiulize "ulizaliwa mwaka gani?" wala "mwanao wa pili ana miaka mingapi?" Uliza: "Wakati Wahindi wanaondoka, ulikuwa na mimba ya nani? Nani alikuwa mgongoni? Nani alikuwa ameanza kwenda shule?" Mama anaweza kusahau mwaka, lakini hasahau nani alikuwa mgongoni. Majibu matatu ya namna hiyo yatakupa mwaka kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili, na hiyo inatosha. Andika "karibu 1971". Usiandike 1971 tupu.

Kwa Waislamu, Ramadhani husaidia sana, ila ipige hesabu vizuri. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, basi Ramadhani huzunguka misimu yote. Aliyezaliwa Ramadhani "mwaka wa uhuru" alizaliwa Februari au siku za mwanzo za Machi 1962, miezi saba kabla ya bendera kupandishwa. Watoto wengi wameandikiwa Oktoba kwa kosa hili.

Majina nayo yanasema. Kwa Waacholi na Walango, Okello au Akello ni mtoto aliyefuata pacha. Ukimkuta Okello kwenye orodha na hakuna pacha mbele yake, kuna watoto wawili wa kuuliza, kwa upole, maana huenda hawakuishi. Kizza kwa Waganda ni hivyo hivyo. Okot na Akot walizaliwa wakati wa mvua, Otim na Atim walizaliwa mbali na nyumbani. Muulize mbali ni wapi, utapata kituo cha kazi cha baba yake. Kwa Wamasaba, mwaka wa kutahiriwa ndio kitambulisho cha mwanamume, na imbalu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo akikwambia 1967, mmoja wenu amesikia vibaya.

Karatasi zilizo sandukuni ziamini kwa kiasi. Tikiti za kodi ya kichwa ni hazina: zina mwaka, muruka (parishi) na gombolola (tarafa ndogo), na wazee walizitunza kwa sababu kukamatwa bila tikiti kulikuwa balaa, hadi kodi hiyo iliposimamishwa mwaka 2005. Muhuri wenye "RC", jina la zamani la mabaraza haya, badala ya "LC" unakuweka baada ya 1986 na kabla ya miaka ya mwisho ya 1990. Kitabu cha ubatizo cha parokia kongwe ya Kikatoliki huenda kimeandikwa Kilatini. *Pater* ni baba mzazi, *patrinus* ni baba wa ubatizo. Watu wamebadilishiwa babu kwa kuchanganya maneno hayo mawili. Barua za kuajiriwa na kuthibitishwa kazini zinakili, kisha uzirudishe kwenye faili la pensheni siku hiyo hiyo. Zikipotea kwenye albamu, mjane atazihitaji na hatazipata.

Kwenye daftari, neno "baba" ni mtego. Kwetu baba ni aliyekuzaa, kaka yake mkubwa, na mdogo wake pia. Andika kila mara: baba mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, na kwa mama nani. Nyumba yenye wake wawili au watatu, zipe nyumba herufi. Babu awe 1. Mke wa kwanza A, wa pili B. Mtoto wa tatu wa nyumba ya pili ni 1B3, na mtoto wake wa pili ni 1B3-2. Akitokea mtoto mliyemsahau, na atatokea, usibadilishe namba za wengine. Mpe namba inayofuata na uandike pembeni kwamba kwa kuzaliwa ni wa pili. Namba ni ya kutafutia tu, haipangi ukubwa, na hilo liseme mapema kabla mtu hajanuna.

Wazee wakishasikilizwa, rudi kwenye picha. Peleka picha 15 kwa kikao, si zaidi. Uliza kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, na uliza pia mahali na aliyepiga. Zile ambazo mzee anapita haraka bila kusema kitu, zitenge. Wakati mwingine ameshindwa kumtambua mtu, wakati mwingine amemtambua sana.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini ya 2B, pembeni, picha ikiwa juu ya kioo au meza ngumu. Biro huchimba na alama yake hutokea usoni mwa mtu. Karatasi za rangi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli. Tumia kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, na uziache zikauke dakika kadhaa kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine. Tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapwa kwenye kona usiiamini. Betri ya kamera ilipobadilishwa, tarehe ilirudi mwanzo, na wengi hawakujua kuirekebisha. Gari likionekana, soma namba yake. Yenye herufi ya ziada mwishoni, mfano wa UAA 123A, haiwezi kuwa ya wakati wa Obote wala Amin. Muhuri wa studio nyuma ya picha unakupa angalau mji.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu ndizo adui. Gundi hugeuka manjano na kula picha. Zitoe kwa uzi wa kusafishia meno au uzi mwembamba wa nailoni: upitishe chini ya kona, uvute polepole kama unayekata sabuni. Isipotoka, iache, ipige picha hapo hapo. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue hata kidogo. Sura itabaki kwenye kioo. Ipige kupitia kioo, ukisimama kivulini na kitambaa cheusi nyuma yako ili usijione ndani yake. Na kamwe usipeleke picha ya zamani kufunikwa kwa plastiki ya moto pale mjini. Joto hilo halina kurudi nyuma.

Ukiwa na skana, tumia nukta 600 kwa inchi kwa picha za kawaida na 1200 kwa zile ndogo za pasipoti. Karatasi za maandishi 300 zinatosha. Bila skana, baraza yenye kivuli saa nne asubuhi, shuka jeupe mezani, simu sambamba na picha, bila mwanga wa simu. Usikaribie sana; rudi nyuma kiasi cha mkono na uvute kidogo, maana ukikaribia mno kingo hupinda na watu wa pembeni wanenepa. Hii ni kazi nzuri ya wajukuu wakati wa likizo: mmoja anapanga, mmoja anapiga, mmoja anaandika namba. Picha 40 kwa asubuhi moja ni nyingi vya kutosha.

Jina la faili lianze na mwaka: 1974_Tororo_harusi-ya-shangazi_012. Namba 012 iwe ile ile iliyo nyuma ya picha. Mwaka usiojulikana andika 197x. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama waraka. Ukituma kama picha hubanwa na nyuso za mstari wa nyuma hupotea.

Picha zenyewe zirudi kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya nailoni, maana karibu na ziwa unyevu hunaswa ndani na kuvu huota kwa msimu mmoja wa mvua. Sanduku liinuliwe kwa matofali, mbali na ukuta wa nje, kwa sababu ya mchwa. Usiliweke juu karibu na mabati. Joto la mchana huko hukunja kila kitu. Vidonge vya nondo visiwemo.

Nakala za kompyuta ziwe tatu: moja kwako, moja kwenye flashi kwa mtoto anayeishi wilaya nyingine, moja kwenye akaunti ya mtandaoni. Picha 500 za ubora mzuri hazifiki gigabaiti 5, basi hata nafasi ya bure inatosha. Ila akaunti hiyo imefungwa kwa namba ya simu, na laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine. Andika nywila kwenye daftari na umwonyeshe mtu mmoja lilipo. Kila Idi au Krismasi, fungua flashi, angalia kama bado inasoma.

Limebaki suala la nani atunze sanduku. Desturi itasema mrithi, na mrithi mara nyingi ndiye mwenye shughuli nyingi kuliko wote. Tazama badala yake nani kati ya watoto au wajukuu aliyeuliza swali la pili wakati wengine walikuwa wameshika simu zao. Mpe yeye daftari wakati ungali hai, mbele ya wote, na mrithi apewe nakala kamili siku hiyo hiyo ili asione amenyang'anywa. Wazee wawili ambao bado hujafika kwao, mtume yeye.